Nazi Hazivai Nguo Mpya

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wangu huko Mapinga, nilimsikia Mwanahamisi kabla sijamwona. Nilikuwa nimekalishwa chumba cha ndani, pale wanapotuweka bibi zao siku hizi na kutuletea sahani kama wagonjwa. Ukumbini zikasikika hatua, moja nzito, moja nyepesi, na katikati yake bakora. Mwendo ule niliusikia mara ya mwisho miaka zaidi ya arobaini iliyopita, alipotoka kwa mumewe Msata kuja kumzika mama yake, kabla hawajahamia Tanga. Nikaweka kijiko chini. Pilau ilikuwa nzuri, sisemi uongo, wapishi walijitahidi, lakini tangu hapo sikuigusa tena.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu yangu."

Mtu ana miaka sabini na kitu, namwita mwanangu, naye anaitikia. Akajiteremsha taratibu kwenye mkeka, akanyoosha mguu ule, na gauni lake la sare ya harusi, la buluu lenye maua meupe, likatandaa pembeni yake. Tukaulizana nani yupo, nani kaumwa, nani katangulia mbele ya haki. Habari za kifo cha mume wangu Mbaraka alikuwa nazo tangu zamani, akamrehemu tena. Mimi nikaitikia amina na kumkaribisha maji, na muda wote huo nilikuwa nawaza jambo moja tu, ambalo nililificha kwake zaidi ya miaka sitini: kwamba mguu ule uliharibika kwa mdomo wangu.

Habari za kwetu na za kwao Mbaraka sitakueleza, hazina faida hapa. Itoshe kuwa katika miaka ile ya hamsini nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa na fundi seremala, na tulikaa mtaa wa Dunda, chumba kimoja na ukumbi, na ua mpana nyuma uliozungushiwa makuti. Ukumbi ulikuwa wangu na cherehani langu la mkono. Ua ulikuwa wake na mbao zake. Nikimaliza kushona nafagia vipande vya vitambaa, natoka nje kufagia takataka za randa, na jioni mikono yetu sisi wawili inanuka kazi, yangu mafuta ya cherehani, yake mafuta ya papa aliyopaka mhimili wa pembea.

Pembea ile ndiyo hadithi yenyewe. Mbaraka aliiona Unguja sikukuu moja. Wenzake wakapanda, yeye akasimama chini alasiri nzima akiitazama, akarudi na vipimo vyote kichwani. Ilikuwa magurudumu mawili ya mbao, makubwa kupita paa la nyumba yetu, yameunganishwa na mhimili mmoja juu ya nguzo, na katikati yake yananing'inia masanduku manne. Kila sanduku lina kibao cha kukalia watoto wawili. Injini yake ilikuwa vijana wawili wenye vifua, wanaishika kwa mikono na kuizungusha, na wakitaka isimame wanaing'ang'ania mpaka isimame. Mbaraka alijivuna kwa jambo moja: masanduku ya Unguja yalikuwa wazi, ya kwake aliyazungushia mbao zinazomfikia masikioni mtoto aliyekaa. "Mtoto wa mtu akishakaa humu," alikuwa akiniambia, "hana pa kuangukia." Ukitazama kutoka chini ulikuwa unaona nywele tu na macho.

Na mimi, sikukuu ile ya Mfunguo Mosi, ya kumaliza Ramadhani, nilishona nguo mpaka vidole vikavimba. Lazima ujue desturi yetu. Nguo ya sikukuu haijawa nguo mpaka ionwe. Mtoto huoga, huvishwa, kisha hupita nyumba kwa nyumba, husimama mlangoni, hugeuka mbele na nyuma, huambiwa "Masha Allah, imekupendeza," hupewa senti yake, huyo nyumba ya pili. Mwanahamisi alikuwa mtoto wa jirani yetu Bi Kibibi, ukuta kwa ukuta, ana miaka tisa, na gauni lake nililishona mimi: la manjano, marinda matatu, kishada kikubwa mgongoni. Nikijisifu utanisamehe, lakini mtaa mzima haukuwa na gauni kama lile.

Alasiri ile uwanja ulijaa. Nilisimama chini ya pembea na buibui langu, kando ya muuza kashata, naangalia kazi ya mume wangu ikipanda na kushuka, na kazi yangu ikiwa ndani ya kazi yake. Sanduku la Mwanahamisi likapanda. Nikaita kwa sauti yangu yote, "Mwanahamisi! Gauni limekupendeza!" Namwona mpaka leo alivyosimama kwenye kibao, mikono miwili ameyashika marinda yasipeperuke, anacheka. Wakati huohuo wale vijana wakaing'ang'ania pembea ili wapakize wengine. Sanduku likayumba. Akatoka kwa mbele, manjano tupu, kutoka usawa wa paa.

Hakufa. Nalisema mapema ili usikae roho juu. Aliangukia nyonga. Mganga wa viungo alikuja kila asubuhi kwa wiki nyingi na mafuta yake na vijiti vyake, na mfupa ukaunga, ila uliunga mfupi. Kelele zake wakati wa kukandwa zilipita ukutani na kuingia ukumbini kwangu. Nilikuwa nalizungusha cherehani haraka ili nisisikie, na nilikuwa nasikia.

Watu walimfariji Mbaraka kama desturi. "Ajali haina kinga, Fundi," walimwambia msikitini, walimwambia njiani. Wengine wote hushukuru kwa neno hilo. Yeye lilimchoma. Alirudi nyumbani siku moja, akakaa mbele ya sinia la ugali wa muhogo na mchuzi wa papa, akasema, "Kinga ipo. Ni mimi sikuiweka." Akanawa mikono bila kula. Tangu siku ile chakula kilianza kurudi jikoni. Mimi ni mtu wa hasira, nikipika nataka kuliwa, lakini ningemgombeza vipi? Alikuwa amejibebesha mzigo ambao nusu yake ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimekaa kimya.

Kimya changu kilikuwa na raha zake, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Siku moja nachambua mchele uani, nikasikia wanawake wawili nyuma ya makuti wanapita na ndoo. "Mkono ule una nuksi," mmoja anasema. "Mlango alioutengeneza kule kwa shemeji yangu, mwezi haukuisha wakafiwa." Mwenzake akasema, "Mimi kitanda changu kimevunjika mguu, nimekiegemeza kwa mawe. Simpelekei." Na kweli, kazi zilimkauka. Hakuna mlango, hakuna kitanda, hata mbuzi ya kukunia nazi hakuna aliyeileta irekebishwe. Lakini mwanamke yuleyule wa kitanda alikuja kesho yake na kitambaa cha bafta, akanipa mkononi, tukacheka, nikampima. Mkono wa nuksi walikuwa wanauletea vitambaa.

Bi Kibibi hakutulaumu kwa neno hata moja. Nilimpelekea uji kila asubuhi, akaupokea, akasema "Ahsante, mdogo wangu," akamnywesha mtoto. Mbaraka akipita, Bi Kibibi alitazama chini. Afadhali angetutukana.

Liwali wa siku hizo alimwita Mbaraka, akamwambia anamruhusu mara moja tena, sikukuu ya kuchinja, ya Mfunguo Tatu, aonyeshe amerekebisha nini. Ilikuwa miezi miwili na siku chache. Mbaraka alifanya kazi kama aliyeingiwa na shetani. Aliona kosa liko wapi: mbao zilikuwa fupi. Akaziongeza mpaka zikampita mtoto kichwani. Kisha akaijaribu. Alipakia magunia ya nazi, gunia kwa kila sanduku, akawaweka wale vijana wazungushe siku tatu mfululizo, polepole, kwa nguvu, na kusimamisha ghafla. Haikudondoka nazi hata moja. Siku ya tatu alikula nusu sahani ya wali, nami nikaenda jikoni nikalia kwa furaha.

Sikukuu ikafika. Wazazi waliokubali walikuwa wachache, watoto sita labda. Wakapakiwa wakamezwa na masanduku, haonekani mtu. Pembea ikaanza kupanda, na haikumaliza mzunguko mmoja. Kwanza kilichomoza kichwa kimoja, halafu kifua, halafu mtoto mzima, kapanda juu ya kibao, kashika mbao kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anaonyesha kanzu yake mpya. Wa pili akaona mwenzake anaonekana, naye akapanda. Mara wote sita wamesimama juu ya vibao, kiuno chote nje, wanaita, "Mama, nione! Mama, nione!" Mbaraka alipiga kelele sijawahi kuisikia kwake. "Kaeni! Kaeni chini!" Nani akae? Wale vijana, Mungu awalipe, safari hii hawakuing'ang'ania, waliishusha kwa kuinyatia, hatua kwa hatua, mpaka watoto wakateremshwa wote wazima. Liwali alikuwepo, kashika fimbo yake. Akasema mbele ya watu, "Fundi, Mfunguo Mosi ujao iwe salama, tena mama wa yule mtoto aliyeanguka aniambie kwa mdomo wake kwamba ameridhika. La sivyo naipasua kuni." Akaondoka.

Siku mbili baadaye, baada ya adhuhuri, tulikuwa uani. Masanduku yameshushwa, yamepangwa kando ya banda la kuku. Mimi nashona chini ya kivuli cha ukuta, yeye kakaa kwenye mkeka na sinia la mihogo ya nazi iliyokuwa inapoa. Akasema, bila kunitazama, "Nitaziba na juu. Niweke fito juu, wasiweze kutoa kichwa."

"Tundu la kuku hilo," nikamwambia.

"Liwe tundu. Mtoto atoke mzima."

"Nani atampandisha mwanawe kwenye tundu la kuku sikukuu, Mbaraka? Na nguo yake atamwonyesha nani? Kuku?"

Nilisema kwa kumchokoza. Lakini neno lilipotoka nikalisikia mwenyewe, nikasimamisha cherehani. Nazi, nikawaza. Amejaribu kwa nazi. Nazi hukaa pale ulipoiweka, haina mama chini anayeiangalia, haina kitu kipya cha kuonyesha. "Nazi hazivai nguo mpya," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kujizuia, kilio kikaja, na nyuma ya kilio yakaja yote. Nikamwambia kwamba Mwanahamisi alisimama kwa sababu nilimwita. Nilimsifu gauni, nilitaka watu wajue nani kalishona, mtoto akasimama, akaanguka. Nikamwambia, "Miezi yote hii umebeba kosa langu na mimi nakupakulia ugali."

Mbaraka aliwafukuza kuku waliokuwa wakipita katikati yetu. Kisha akavuta sinia, akaanza kula. Alikula mihogo yote, iliyopoa vile, akafuta tui kwa kidole. Mimi nimekodoa macho, nadhani kapandwa na wazimu.

"Miezi yote hii," akasema, "najiuliza mbao zilikosa nini, na mbao hazikukosa kitu. Mtoto kavaa nguo mpya, lazima aionyeshe. Wewe umeishona, lazima uisifu. Hayo nitayazuia mimi? Mimi nimetengeneza sanduku la kuficha nguo, halafu nashangaa watoto wanasimama."

"Nikamwambie Bi Kibibi?"

"Usimwambie. Atapata mtu wa pili wa kumnunia, na mguu hautarefuka. Njoo ukae humu."

Nikaingia kwenye sanduku, mimi mke wa mtu, katikati ya mchana. Nilikuwa mdogo wa umbo, mrefu kidogo tu kuliko mtoto. Akalala chali mchangani ili anione kama anavyoona mtu aliye chini ya pembea. "Unaniona?" "Naona nywele." Akachukua msumeno, akakata ubao wa mbele. "Sasa?" "Kola." Akakata tena. Jirani yeyote angechungulia siku ile angetuandikia talaka. Tulipofika kiunoni akasema anaona gauni lote, lakini kiunoni ni chini mno, mtoto atateleza. Ndipo akaziondoa mbao zote za mbele, akaweka fito za kusimama zenye nafasi ya vidole viwili kati yake, kutoka kwenye kibao mpaka kifuani. Ukikaa ndani, nguo inaonekana yote, na goti haliwezi kupita. Nyuma akaacha mbao ndefu kama zamani.

Mshipi ulikuwa wangu. Nilipata kipande cha turubai kuukuu, nikakikunja mara mbili, nikakishona kwa uzi wa nyavu, unamzunguka mtoto kiunoni na kufungwa nyuma ya sanduku, kwa nje, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mama yeyote aliyewahi kufunga mbeleko anajua kwa nini fundo haliachwi mahali ambapo mtoto atalichezea. Na Mbaraka akatengeneza breki: gogo lililofungwa kamba ya makumbi, unalibana polepole kwenye gurudumu kwa mti mrefu, pembea inasimama kama mtu mzima anavyokaa, si kama anavyoanguka.

Kujaribu, hakurudi kwenye nazi. Alitundika sanduku moja kwenye boriti pale uani, kimo cha goti kutoka chini, na chini yake akamwaga mchanga. Akawaita watoto wa mtaa waje na nguo zao za sikukuu iliyopita. Kwanza walikuja wawili, kwa kuibia. Mwezi wa pili nilikuwa nawafukuza kwa ufagio nipate nafasi ya kuanika nguo. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kuwatazama. Huyu kachomoa mguu hapa; anapunguza nafasi ya fito. Huyu kajiviringisha akatoka chini ya mshipi, anateremsha mshipi. Kisha wasichana wakaanza kuukataa mshipi kabisa. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akaniambia, kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa, kwamba turubai ni chafu na linakunja gauni. Nikaingia ndani, nikatoa vipande vya vitambaa nilivyokuwa nafagia kila siku, vyekundu, vya samawati, vya kumetameta, nikaivika mishipi yote. Kesho yake waligombea nani afungwe wa kumetameta. Mbaraka alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikagundua kwamba sijamsikia akicheka karibu mwaka mzima.

Ikaja Ramadhani, ikafika katikati, ndipo Bi Kibibi alipoingia uani kwetu. Hodi aliipiga mara moja, akapita bila kusubiri. Mwanamke mkubwa, Mwenyezi Mungu alimjalia. Mwanahamisi alikuwa nyuma yake na bakora aliyochongewa na mjomba wake. Mbaraka akasimama, randa mkononi, hajui aweke wapi macho.

"Liwali kaniletea mtu," Bi Kibibi akasema. "Anataka neno langu. Nami neno la kuambiwa silipeleki kwa liwali. Nifunge humo."

"Wewe mwenyewe, dada?"

"Kwani mimi si wa kuanguka?"

Tukambana humo. Sanduku likalia, kamba ikalia, boriti ikalia. Nilimfunga mshipi kwa nyuma. Akasukuma fito kwa magoti. Akajipinda kushoto, akajipinda kulia. Akajaribu kusimama mara tatu, uso umemwiva, na saumu yake. Akapeleka mikono nyuma kutafuta fundo, asilipate. Mwisho akatulia, jasho linamtiririka, akasema, "Haya, Fundi. Nimeshindwa kuanguka. Nifungueni, futari yangu iko motoni." Alipotoka alimtazama Mbaraka usoni, kwa mara ya kwanza tangu ajali, akamwambia, "Mwanangu atapanda wa kwanza. Mwenyewe ndiye anayetaka, mimi nilikuwa namkatalia."

Baada ya kuondoka Mbaraka alikaa chini palepale kwenye mchanga. Nilimpepea na kipande cha mkeka. Wakati wa kufuturu alikula kama watu watatu.

Siku ya sikukuu nilivaa buibui, nikaenda kusimama palepale kando ya muuza kashata. Mwanahamisi alikuja na gauni jipya, safari hii la kijani, nalo nililishona mimi. Mbaraka mwenyewe alimbeba, akamweka, akamfunga mshipi mwekundu, akavuta fundo, akalivuta tena. Liwali yupo, Bi Kibibi yupo, na watu wameacha kununua vitu. Pembea ikaanza. Sanduku likapanda, na kutoka chini ukaliona gauni lote la kijani kupitia kwenye fito, marinda, mikono, shingo, kila kitu, na mtoto kakaa. Halikuwepo la kumsimamisha. Likafika juu kabisa. Likashuka. Kila lilipopita mbele yangu Mwanahamisi alinitazama, mimi hasa, kuliko watu wote. Nami nilikuwa nimejaza ncha ya buibui mdomoni na kuiuma kwa meno, nisije nikatoa sauti. Mizunguko saba, nikiwa nimeuma kitambaa. Breki ikabana, pembea ikakaa. Watu wakapiga vigelegele, akina mama wakaanza kusukumana na watoto wao, na mimi nikatema buibui na kukaa chini, namshukuru Mungu.

Pembea ile Mbaraka aliitoa kila sikukuu kwa miaka mingi, mpaka mbao zikachoka naye akachoka, na hakudondoka mtoto mwingine. Vitanda na milango vilirudi. Lakini mimi kuna jambo moja halikurudi. Tangu siku ile ya gauni la manjano sijamwambia mtoto yeyote asimame nimwone. Wanangu waliposimama mlangoni sikukuu niliwapa senti nikageuza uso. Wajukuu wanasema bibi hapendi nguo. Waache waseme.

Basi kule Mapinga, sahani mbele yetu, nikaona nimezeeka, naye kazeeka, na Mbaraka aliyeniambia ninyamaze hayupo. Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyokueleza wewe: "Ulikuwa umekaa, nikakuita nikakusifu gauni, ukasimama kwa ajili yangu, ukaanguka." Nikamwomba radhi. Yeye alikuwa anachambua mfupa wa nyama. Akauweka pembeni ya sahani, akafuta vidole.

"Bi Zuhura, nikumbushe. Mbao za sanduku lile la kwanza zilinifika wapi?"

"Masikioni."

"Na uliniita ukasema nini?"

"Gauni limekupendeza."

"Uliliona wapi, na mimi nimekaa?"

Mke wa fundi, niliyekalishwa ndani ya masanduku yale, niliyejua kila ubao kwa kipimo chake, zaidi ya miaka sitini sijawahi kujiuliza. Aliyekaa mle alikuwa haonekani ila nywele na macho. Nililiona gauni kwa sababu alikwishasimama.

"Nilisimama kabla hujaniita," akasema. "Nilikuwa nalishika gauni kwa mikono yote miwili, upepo ulikuwa unalichukua. Ungeniita, usingeniita, mikono yangu haikuwa mahali pake. Nilikusikia, ndiyo. Nilifurahi. Ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka kabla ya mchanga." Kisha akainama akalinyoosha gauni lake juu ya ule mguu. "Lililoniuma ni la mwaka wa pili. Nilipita mbele yako mara saba na gauni la kijani, na hukusema kitu. Nikadhani kwa sababu ya mguu halinipendezi tena."

Nililia, kisha nikacheka, watoto wakachungulia mlangoni kuona bibi wana nini. Mzigo niliokuwa nao kifuani ulinitoka, nikaona wazi kabisa kwamba haukuwa wangu, na uliokuwa wangu kweli, mdogo kuliko ule, nilikuwa siujui. Uzuri wake, huo ulikuwa bado unalipika.

"Mwanahamisi," nikamwambia. "Simama, geuka, nikuone."

Akachukua bakora. Akasimama taratibu, mguu mzito, mguu mwepesi, akageuka mbele, akageuka nyuma, na buluu ile ikazunguka naye. Nami nikaita kwa sauti yangu yote, mpaka wapishi nje wakasikia, kwamba gauni limempendeza.